Naomba ushauri: masizi sugu ndani ya silinda ya bastola

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Texas, nina Smith & Wesson 686 ya chuma kisichoshika kutu, inayotumia risasi za .357 Magnum. Kwa sababu ya bei, kwenye uwanja wa shabaha napiga zaidi risasi za .38 Special, ambazo nazo huingia humo. Shida ni kwamba ganda la .38 ni fupi kwa zaidi ya milimita 3, hivyo masizi hujikusanya mbele yake ndani ya kila tundu la silinda na kufanya pete ngumu kama ukoko wa wali. Nikiweka .357 zinagoma kuzama hadi mwisho. Nikishapiga, maganda hayatoki mpaka nigonge kijiti cha kusukumia kwa nguvu.

Nimeloweka kwa dawa ya kusafishia bunduki usiku kucha, nimesugua kwa brashi ya bronzi. Mtutu unang'aa, pete bado ipo. (Weusi wa usoni mwa silinda haunisumbui, huo ni suala la sura tu.)

Jamaa mmoja anashauri kile kitambaa chenye dawa ya kutolea madini ya risasi. Najua kinakula rangi ya bastola nyeusi. Yangu haina rangi, ila ndani ya matundu je? Mwingine anasema nifunge brashi ya .45 (ya mtutu mpana zaidi) kwenye drili. Hapo naogopa, ingawa kwa mkono ningejaribu. Kuna pia mbinu ya kutanua kidogo mdomo wa ganda tupu la .357 na kulitumia kukwangua. Aliyewahi kuifanya, haikuacha mikwaruzo?