Nuytsia umesimama wenyewe mchangani, vipi uitwe kirukia?

MgeniPerth: Habari zenu wapenda mimea. Huku Perth, Desemba hii, kuna mti kando ya barabara umechanua maua ya rangi ya chungwa mpaka majani hayaonekani. Jirani anasema ni Nuytsia floribunda, wa ukoo wa virukia. Virukia ninavyovijua mimi hukaa juu ya matawi ya miti mingine. Huu una shina lake na umeota ardhini. Ni kweli?

BiKitalu: Kweli kabisa, ndugu yangu. Mimi naotesha miche ya mimea asilia hapa Australia Magharibi, na huu ndio mti ninaoupenda kuliko yote. Unyonyaji wake uko chini. Fukua mchanga taratibu utakuta pete nyeupe, nene, zimezunguka mizizi ya nyasi na vichaka vya jirani. Ndani ya pete mna kisu kigumu kama wembe: kinaukata mzizi wa mwenyeji, kisha Nuytsia unafyonza maji na madini hapo penye jeraha. Chakula unajitengenezea kwa majani yake ya kijani, kwa hiyo ni kimelea nusu tu. Tena hauchagui. Hata nyaya za simu zilizofukiwa umewahi kuzikata!

MlaTunda: Na mbegu, Bi? Amyema zetu, virukia vya matawini vya New South Wales, hupandwa na ndege. Anameza tunda, mbegu inatoka na ulimbo wake, inanata tawini.

BiKitalu: Huu hauna haja na ndege huyo. Tunda lake ni kavu, lina mabawa matatu, upepo ndio unaolibeba. Mbegu inatakiwa ifike mchangani, ulimbo wa nini? Pia huchipua kutoka mizizini, hivyo kundi zima la miti laweza kuwa mmea mmoja. Katika ukoo wake, wanaoota ardhini namna hii ni watatu tu: huu, Atkinsonia wa Blue Mountains, na Gaiadendron wa Amerika.

Nakuomba MgeniPerth, maua usichume. Wanoongar, wenyeji wa ardhi hii, wanauita moodjar, na kwao roho za marehemu hupumzika humo zikielekea Kurannup, ng'ambo ya bahari ya magharibi.

MgeniPerth: Siyagusi, Bi. Nikitaka kuotesha wangu?

BiKitalu: Panda mbegu kopo moja na nyasi au kichaka kidogo cha asili, upate wa kumshika mapema. Ukihamishia ardhini, hamisha vyote viwili pamoja bila kuvitenganisha mizizi. Halafu subira, maua yatachukua miaka mingi.