Gundi ya ngozi au nyuzi kwa mgonjwa anayetoka Faza au Kizingitini?

nesi_kisiwani
Salaam alaykum wakuu. Niko kliniki ndogo hapa Lamu. Mgonjwa wa Faza, Siyu au Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, akishonwa kwa nailoni, kurudi kutoa nyuzi ni nauli ya boti kwenda na kurudi. Asiporudi, nyuzi huzama kwenye ngozi na kuota usaha. Nafikiria gundi kwa uvimbe wa mafuta, ngiri na matundu ya upasuaji wa kamera. Itashika kama uzi? Na udhu je, na maji ya bahari?

mkasi_na_kibano
Waalaykum salaam dada. Itashika, lakini ngozi ya juu peke yake. Mafuta na nyama za chini haiwezi kuzishika. Kwa ngiri lazima ushone tabaka za ndani kwanza, kisha chini ya ngozi upitishe Vicryl (uzi unaoyeyuka) wa unene 3-0, fundo ukilielekeza chini. Kipimo changu ni hiki: ukiachia mkono, kingo za ngozi zibaki zimegusana zenyewe. Ikibidi uzivute kwa nguvu, weka gundi kando.

Upakaji ndio huharibu kazi. Damu ikauke kabisa, kwa sababu sianoakrilati, kemikali ya gundi hii, huganda ikikutana na unyevu, na tone la damu litaigandisha kabla hujapanga kingo. Shika kingo kwa vibano viwili, ziinue kidogo zisijikunje kwa ndani, kisha paka utando mwembamba unaovuka mshono kama nusu sentimita kila upande. Subiri nusu dakika, rudia, hadi tabaka tatu. Endelea kushikilia kwa dakika moja hivi baada ya tabaka la mwisho. Usimwage nyingi mara moja: ikiganda hutoa joto, mgonjwa ataruka kitandani.

Kosa baya zaidi ni gundi kuingia ndani ya kidonda. Hapo haiungi chochote. Inakaa katikati kama kipande cha plastiki na kuzuia kingo zisikutane. Karibu na jicho, paka vaselini iwe kizuizi na mlaze mgonjwa ili gundi itiririke mbali na jicho. Na angalia glavu yako, itaganda kwenye ngozi yake.

mshono_wa_malindi
Mkuu hapo juu amesema kweli, ila swali lenyewe limeruka njia ya tatu. Shida yako ni safari ya boti, na hiyo uzi unaoyeyuka unaimaliza. Pitisha Monocryl 4-0 ndani ya ngozi kwa mshono wa kulala, fundo lizame. Hakuna cha kurudi kutoa. Kwa ngiri mimi ningeanza hapo, gundi iwe nyongeza ya juu tu.

Tathmini ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ilikuta mishono ya gundi hufumuka zaidi kuliko ya uzi, japo kufumuka si jambo la kila siku kwa vyote viwili. Kwa tundu la kamera la milimita 5, gundi ni sawa kabisa, na ni haraka. Usiitumie kwenye goti, kiwiko, kiganja, unyayo, ndani ya mdomo, wala penye usaha. Aliyeng'atwa na punda, usimfunge kwa gundi kamwe.

Ukibaki na nailoni, uso ni siku 3 hadi 5, kichwa 7 hadi 10, miguu na mikono 10 hadi 14. Mwandikie tarehe kwenye kadi kabla hajapanda boti.

nesi_kisiwani
Shukran sana. Na maji?

mkasi_na_kibano
Maji ya udhu yakipita juu haraka hayadhuru gundi iliyokauka. Afute kwa kugusagusa na kitambaa safi, asisugue. Kuogelea, kuzamia au kuvuta nyavu majini asubiri hadi gundi ibanduke yenyewe, kwa kawaida siku 5 hadi 10. Adui mkubwa huku kwetu ni mafuta: mafuta ya nazi, vaselini, hata dawa ya kidonda ya tyubu. Hulainisha gundi ikabanduka mapema. Plasta pia usibandike juu yake, itatoka nayo.

mshono_wa_malindi
Jambo moja kabla hujapaka: muulize kama aliwahi kuwashwa na gundi ya kope za bandia. Ni jamii hiyohiyo ya kemikali. Akisema ndiyo, mshone tu.

Na akikupigia simu siku ya saba kwamba pamekuwa pekundu, mwambie atume picha. Wekundu wenye vipele na muwasho, uliofuata umbo la gundi kama umechorwa kwa kalamu, ni mzio. Paka vaselini nene, acha nusu saa, bandua taratibu. Wekundu unaosambaa nje ya mstari huo, pana joto, maumivu yanaongezeka au usaha unatoka, apande boti leo, asingoje kesho.