Huyu mzee Arvo Pärt ni nani, na mbona nota zake chache hivi zinaniliza?

Besi_wa_Parokia:
Wakuu habari za humu ndani. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nota nimejifunzia kanisani hizi hizi za d r m (do re mi), chuo cha muziki sijagusa. Juzi naangalia klipu kwenye simu, watu wanamuaga marehemu ambaye hata simjui, nyuma yake piano na fidla wanapiga taratiiibu mpaka nikaacha kuangalia picha nikabaki kusikiliza. Kutafuta nikaambiwa ni Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt. Nikachukua daftari nikainukuu kwa sikio na hapo ndo nikachoka kabisa. Fidla inaanza r m. Halafu f m. Halafu d r m. Halafu s f m. Halafu t d r m, halafu l s f m. Basi!! Kila mistari miwili inaongezeka nota moja na kila mstari unarudi kulala kwenye m, piano yenyewe inapanda nota tatu tatu kama mwanafunzi wa wiki ya pili. Mwanakwaya wangu akiniletea utunzi kama huu namrudishia akaurudie. Sasa mbona mtu mzima machozi yananilengalenga? Na huyu mtu yuko hai au ni wale wa zamani wenye mawigi?

Kinanda_Kibovu:
Yuko hai mwalimu, ni wa Estonia, kazaliwa 1935 mji unaitwa Paide, 2025 katimiza miaka 90. Jina langu la humu nimelitoa kwake maana nyumbani kwao kulikuwa na piano ambayo nota za katikati zilikuwa mbovu, kwa hiyo akiwa mtoto akawa anachezea za juu kabisa na za chini kabisa, na ukisikiliza kazi zake utaona bado anazipenda hizo ncha mbili. Baadaye kasoma Tallinn huku anafanya kazi redioni upande wa mitambo ya kurekodi, karibu miaka kumi.

Siri unayoiuliza inaitwa tintinnabuli, yaani vikengele kwa Kilatini, na kwa lugha yetu ya sol-fa ni rahisi. Sauti ya kwanza inatembea ngazi kwa ngazi. Sauti ya pili imefungwa, haina ruhusa ya kuimba kitu zaidi ya d m s (ikiwa ni ngazi ya mdogo, ile ya huzuni inayoanzia l, ni l d m). Mfano sauti ya pili inachukua nota yake iliyo karibu kwa chini: sauti ya kwanza akiimba r mwenzake yuko d, akiimba m bado yuko d, akiimba f mwenzake m, akiimba s bado m. Angalia hapo r na d zinasuguana, m na d zimepatana, f na m zinasuguana tena vibaya, s na m zimetulia. Hakuna aliyepanga "hapa niweke uchungu", sheria yenyewe ndo inauleta na kuuondoa. Kwenye mtihani wa hamonia ungekatwa maksi lakini sikio linakubali.

mzee_wa_sindimba:
Samahani ila huo si muziki ni dawa ya usingizi 😂 nimejaribu dakika tatu nikajikuta naangalia saa. Kazi ya kuandika r m hata mwanangu wa darasa la pili anaweza, wazungu wakiamua kumsifu mtu wao hawana breki.

Kinanda_Kibovu:
@mzee_wa_sindimba haki yako kutopenda, ila usidhani aliandika hivyo kwa kushindwa. 1960 katoa Nekrolog, mtindo wa nota kumi na mbili (zote zina haki sawa, hakuna d ya kurudia nyumbani), mkali mpaka wakubwa wa Kisovieti wakamsema. 1968 akatoa Credo pale Tallinn, Neeme Järvi akiongoza, kachukua prelude (kipande kifupi cha kufungulia) ya Bach akaivuruga mpaka inakuwa kelele tupu kisha akairudisha, na juu yake kwaya inaimba kwa Kilatini kwamba inamwamini Yesu Kristo. Hebu fikiria Usovieti ile. Moto ukawaka, kazi zake zikaanza kukwepwa, na yeye mwenyewe akawa haoni tena cha kusema kwa ule mtindo. Akakaa kimya miaka minane.

Alto_Namba_Mbili:
Kaka Kinanda nakurekebisha kidogo, hakukaa kimya kabisa. 1971 kuna Simfoni ya Tatu, halafu alikuwa anaandika muziki wa filamu ili watoto wale. Ila ni kweli miaka hiyo alirudi shule peke yake, akawa anajaza madaftari kwa mistari ya sauti moja moja, akichimba zile nyimbo za kanisa za zamani kabla hamonia haijazaliwa, na 1972 akaingia Orthodoksi. Kilichotoka 1976 ni Für Alina, piano tupu. Kuna sehemu moja tu mkono wa kushoto unavunja ile sheria, na hapo kwenye karatasi kachora ua. Mimi hilo ua ndo lilinimaliza.

Na mwalimu usiishie kwenye Spiegel, tafuta Cantus aliyomwandikia Britten, mtunzi wa Uingereza aliyefariki Desemba 1976. Ni ngazi ya mdogo inashuka tu, lakini kila kundi la fidla linashuka kwa nusu ya mwendo wa lililo juu yake, na kengele moja inagongwa. Mwisho vyombo vinanyamaza ghafla unabaki na mwangwi wa kengele. Mwenyewe kasimulia kwamba 1980 walipokuwa wanahama Usovieti, yeye na mkewe Nora na watoto wawili na masanduku saba, polisi wa mpakani kule stesheni ya treni ya Brest, karibu na Poland, wakawapekua wakakuta sahani za santuri, wakasema haya tusikilize. Ikapigwa hiyo hiyo Cantus kwenye stesheni tupu, polisi wakawa wapole. Kutoka hapo Vienna, kisha Berlin miaka mingi, sasa karudi kwao.

mzee_wa_sindimba:
Hiyo ya polisi nimeikubali. Nasikiliza hiyo ya kengele leo usiku, nikisinzia narudi hapa kuwatukana.

Besi_wa_Parokia:
Wakuu asanteni sana. Jana mazoezini nimewajaribu, soprano wakapanda d r m f s wakashuka, alto nikawafunga d m s tu kama alivyoelekeza Kinanda. Mara ya kwanza walicheka, mara ya pili pale kwenye f na m alto wakaanza kukimbilia r kutafuta raha, nikawaambia kaeni hapo hapo msikimbie. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa alto kaniuliza kama ni wimbo wa Ijumaa Kuu, nikamwambia bado hauna maneno. Dada Alto, kwa sauti tupu bila vyombo ananifaa upi wa kuanzia? Tenor ninao wawili tu na mmoja ni wa kubahatisha.