Jino halikuwa linauma, nimeanza ruti kanali ndo limevimba, daktari kakosea?

Mama Ima: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nina jino la chini kule nyuma, lilioza zamani likaniuma sana halafu likaacha lenyewe. Jumatatu nikaanza ruti kanali, yaani kusafishwa jino ndani mpaka kwenye mizizi bila kuling'oa, daktari kafungua, kasafisha, kaweka dawa akaziba kwa muda, nirudi baada ya wiki mbili. Jumanne usiku likaanza kupwita, leo shavu limevimba na nikigonganisha meno machozi yanatoka. Mume wangu anasema nikang'oe tu, jirani kaniletea amoksilini alizobakisha. Nimechanganyikiwa.

Kijana wa Tanga: Pole sana dada. Using'oe kwanza, mimi yalinikuta hayo hayo, nikang'oa kwa hasira na mpaka leo natafunia upande mmoja.

Daktari meno: Pole mama Ima. Jino lilipoacha kuuma halikupona, neva ilikufa. Mle ndani damu haipiti tena na hewa hakuna, na hayo ndo mazingira wanayoyataka bakteria wasiopenda oksijeni. Kwenye meno yanayolipuka hivi katikati ya matibabu mara nyingi hukutwa Fusobacterium nucleatum, Prevotella na Porphyromonas, wanaishi kwa makundi na maganda yao yana sumu inayowasha mwili moto. Sasa daktari akipitisha zile sindano za kusafishia, uchafu kidogo unaweza kusukumwa ukatokea nje ya ncha ya mzizi, au bakteria wakabaki wachache kwenye vimifereji vya ndani ya mzizi wakaongezeka, na hapo mwili unapigana nao ndo unavimba. Hutokea hata kwa daktari makini, hasa jino likiwa limekufa siku nyingi, kwa hiyo usimlaumu haraka.

Amoksilini za jirani ziache, kwanza ni mabaki, halafu dawa inasafirishwa na damu na mle damu haifiki. Rudi kwa daktari KESHO, usingoje wiki mbili, alifungue, alioshe upya, usaha ukiwepo utoke. Kwa leo ibuprofen pamoja na panado, ila kama una vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo au mjamzito ibuprofen usiguse. Ukiona homa, uvimbe unashuka chini ya taya, unashindwa kumeza au kupumua, nenda hospitali usiku huo huo, nakuomba sana.

Bi Rehema: Daktari kwani kweli shida ni bakteria tu, si ile sindano kuchokonoa?

Daktari meno: Kuchokonoa kunauma pia bi mkubwa, ila mwaka 1965 kule Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye neva wakayaacha wazi, panya wa kawaida neva zikafa zikatunga usaha, ila wale waliolelewa bila kijidudu hata kimoja neva zao zikabaki hai na zikajijengea ukuta mpya.

Mama Ima: Nimerudi jamani. Kafungua tu usaha ukatoka mwenyewe, kaosha muda mrefu, kalipunguza juu lisigongane. Jana nimelala mpaka asubuhi. Asanteni mno, jino bado ninalo.