Mstari wa sensa ya Mombasa wapanda tu, sasa ongezeko limepungua wapi?

MamaLikoni
Asalaam aleikum jamani. Kijana wangu wa gredi 8 kapewa kazi achore grafu ya watu wa Mombasa kila sensa: 1979 watu 341,148, 1989 ni 461,753, 1999 ni 665,018, 2009 ni 939,370 na 2019 ni 1,208,333. Kachora vizuri mashallah, mstari wapanda mwanzo mpaka mwisho. Sasa swali la mwisho lauliza "ongezeko lilianza kupungua lini" na mie sioni pahala umeshuka hata kidogo, nimueleze vipi?

FundiKisauni
Waaleikum salaam dada. Hapo hamuulizwi watu ni wangapi, mwaulizwa wamezidi wangapi, kwa hivo angalieni mstari umesimama vipi kila kipande, sio umefika juu wapi. Toeni kila namba na ile ya nyuma yake: 120,605, halafu 203,265, halafu 274,352, mwisho 268,963. Ile miaka kumi ya mwisho watu wameongezeka bado, ila wachache kuliko waloongezeka kumi ya kabla yake, ndo mstari umelala kidogo. Kwa macho hamtaona, lazima mpige hesabu.

Binti_Tudor
Sawa kabisa lakini mwalimu akitaka kwa asilimia jibu labadilika!! 1979 mpaka 1989 ni kama asilimia 35, kumi inayofuata 44, halafu 41, halafu 29 hivi. Kwa asilimia limeanza kupungua baada ya 1999, kwa idadi ni baada ya 2009. Mwambie aandike ni ongezeko gani analolisema, hapo ndo marks ziko.

MamaLikoni
Ahsanteni sana, sasa nimeelewa. Ataka aongeze na sensa za zamani, 1962 na 1969, ni sawa?

FundiKisauni
Aongeze, lakini achunge mhimili wa chini. Toka 1962 mpaka 1969 ni miaka 7, sio 10, akiziweka nafasi sawa na zingine kile kipande kitalala kuliko ukweli wenyewe. Apime kwa rula, sentimita 1 kila miaka 5, basi 1969 yakaa sentimita 1.4 kutoka 1962. Na akiulizwa watu wa 2014 asisome kwenye mstari akasema ndo hao, mwaka ule hakukuwa na sensa, aandike "makadirio".