Naomba ushauri: kubadilisha shokapu na springi za Mazda MX-5 mwenyewe nyumbani

Wakuu, habari zenu. Nina Mazda MX-5 ya 1999. Shokapu zimechoka: nikikata kona kwa kasi gari linalala upande, na barabara ikiwa na mawimbi linadundadunda. Kazi nataka nifanye mwenyewe. Spana ninazo, jeki na stendi zake pia.

Nimekwama kwenye kuchagua. Koilova (shokapu na springi zinazokuja kama kitu kimoja) zinanivutia kwa kuwa kimo cha gari kinarekebishika, ila zile za bei rahisi naziogopa. Gari linakuwa gumu kama mkokoteni na barabara halishiki. Au nifunge shokapu nzuri na springi fupi kidogo, niongeze stabilaiza nene (chuma kinachozuia gari kulala upande)? Gari ni la kila siku, mbio ni mara mojamoja.

Kingine ni springi za zamani. Zimebanwa kwenye shokapu, na springi ikifyatuka inaweza kuua mtu. Vile vibanio vya kukaza kwa spana mnaviamini, au hapo tu nipeleke gereji? Bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya mikono ya magurudumu) najua zikazwe mwisho, uzito wa gari ukiwa kwenye magurudumu, lakini kule chini mnafikaje? Alaimenti (kunyoosha magurudumu) nitamwachia fundi, hiyo sibishani.