Mjadala: Uko ugenini, lugha ya ibada huielewi. Usali hapo hapo au utafute kanisa la lugha yako?

Mleta_Hoja
Wapendwa, salamu. Mtu kahamia nchi ambayo lugha yake hajui hata kuamkia. Jumapili imefika. Wako wanaomwambia aingie kanisa la jirani, lugha ataikuta humo humo. Wako wanaosema hiyo si ibada, ni kukalia benchi saa nzima. Heri apande treni afuate ibada ya lugha yake mji mwingine, au abaki chumbani na simu atazame ibada ya kwao moja kwa moja. Nani yuko sahihi? Naomba tusijibiane kwa "Mungu anaangalia moyo", hilo tunalijua. Leteni hoja, na mwenye utaratibu aseme utaratibu.

Mchungaji_Mstaafu
Jibu liko 1 Wakorintho 14. Aya ya 16 inauliza asiyeelewa ataitikiaje "Amina". Aya ya 19 inapendelea maneno matano ya kueleweka kuliko elfu kumi yasiyoeleweka. Aya ya 28 inafunga kazi: kama hakuna wa kufasiri, mnenaji anyamaze. Ibara ya 24 kati ya zile Ibara 39 za Waanglikana inashikilia hilo hilo: kuendesha sala za hadhara kwa lugha ambayo watu hawaielewi ni kinyume cha Neno la Mungu. Sasa mtu anayekwenda kwa hiari yake kusikiliza mahubiri ya dakika arobaini na asiambulie neno, amelishwa nini? Atafute kanisa la lugha yake. Likikosekana, wawili watatu wakutane sebuleni na Biblia.

Katekista
Mchungaji, kwa heshima zote, aya hizo umezigeuza. Tazama anayekemewa ni nani: ni anenaye, si anayesikiliza. Paulo hamfukuzi mgeni, anambebesha mzigo aliyeshika maiki. Na Ibara ya 24 inamhukumu kiongozi anayewasomea watu wake lugha isiyo yao. Wajerumani wakisali Kijerumani hawajavunja ibara yoyote, wala mgeni aliyeketi nyuma yao.

La pili ndilo zito zaidi. Unazungumza kana kwamba ibada zote ni mahubiri. Kwa Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na Walutheri wengi, sehemu kubwa ya ibada ni maneno yale yale kila Jumapili, na aliyeyashika kwa lugha yake anajua alipo hata akiwa kipofu wa lugha ya mahali. Misa ya Kikatoliki ya liturujia ya Roma unaweza kuifuata kwa mikao ya watu tu. Baada ya sala ya mwanzo wakikaa, ni somo la kwanza, zaburi na somo la pili. Wakisimama, ni Injili. Kwaresima hutasikia Aleluya lakini kusimama ni kule kule. Wakikaa tena, homilia, yaani mahubiri. Wakisimama, Nasadiki. Baada ya "Mtakatifu" mara tatu, Sala ya Ekaristi inaendelea. Kyrie (Bwana utuhurumie), Hosana na Amina hazina haja ya mkalimani.

Masomo nayo unayapata kabla. Jumapili zinakwenda kwa mzunguko wa miaka mitatu: A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka. Mwaka ukigawanyika kwa 3 bila baki, ni C. Kwa hiyo 2025 ilikuwa C, 2026 ni A, 2027 ni B. Kumbuka mwaka wa kanisa unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, si Januari. Soma Injili Jumamosi usiku kwa lugha yako, na kesho yake ukisikia majina ya watu na miji utajua msomaji amefika wapi. Kinachobaki gizani ni homilia na matangazo.

Mleta_Hoja
Hapo umenena. Ila wapo walioandaa masomo, wakafika wakakuta yanasomwa mengine kabisa.

Katekista
Hutokea, na sababu zake zinajulikana. Epifania, Kupaa kwa Bwana na sherehe ya Ekaristi: nchi nyingine huziadhimisha siku yake, nyingine zimezihamishia Jumapili. Ukisoma kalenda ya kwenu, utaandaa Jumapili ya saba ya Pasaka kumbe wenzako wanaadhimisha Kupaa. Angalia kalenda ya nchi uliyopo.

Jimbo la Milan, Italia, lina liturujia yake ya Ambrosi: kitabu cha masomo ni kingine, na Majilio yao yana Jumapili sita badala ya nne. Kwa Waprotestanti, Waanglikana na Wamethodisti wengi wanatumia mpangilio wa pamoja wa masomo wa mwaka 1992, nao ni wa miaka mitatu, na Injili mara nyingi inalingana na ya Wakatoliki. Lakini kanisa la Kiinjili la Ujerumani lina mpangilio wake, mahubiri yake yanazunguka kwa miaka sita. Mlutheri anayetegemea kalenda ya kwao pale atapotea.

Na zaburi: ukiona namba 22 ubaoni halafu ukafungua Biblia ukakuta "Mungu wangu, mbona umeniacha", usishangae. Waorthodoksi na vitabu vingi vya liturujia vya Kikatoliki hufuata hesabu ya kale, ambayo Zaburi ya mchungaji ni 22 badala ya 23. Kuanzia Zaburi ya 10 hadi ya 147 tofauti huwa ni moja, kasoro sehemu chache.

Mwalimu_wa_Sabato
Upande wetu Waadventista jambo hili ni jepesi kwa nusu. Lesoni ya watu wazima, yaani kitabu cha somo la Shule ya Sabato, ni moja dunia nzima, wiki kwa wiki, robo kwa robo. Aliyeisoma kwa Kiswahili anaingia darasani akijua fungu la kukariri na hoja ya kila siku. Ugumu ni kwamba darasa ni majadiliano, hata aliyejiandaa hubaki bubu. Aombe kundi lenye watu wawili watatu wanaojua lugha anayoijua yeye. Makanisa mengi ya mijini hulipanga ukiomba mapema. Hubiri la saa ya ibada halina lesoni ya kukuokoa.

Mkalimani_wa_Ibada
Na Wapentekoste na Wabaptisti je? Huko mahubiri ndiyo kitovu, na hapo namuunga mkono Mchungaji: bila tafsiri mtu anakaa tu. Lakini dawa si kuhama kanisa, ni kuomba tafsiri. Nieleze inavyofanyika, maana wengi huomba vibaya.

Wageni wakiwa wawili au watatu, tafsiri ya kunong'ona inatosha: mfasiri anakaa katikati yao, safu ya nyuma au pembeni, mbali na spika. Wakizidi hapo kunong'ona kunageuka kelele. Inahitajika kirusha mawimbi kimoja na vipokezi vidogo vyenye kisikilizio cha sikio moja. Mfasiri asikilize sauti inayotoka moja kwa moja kwenye mashine ya sauti, asitegemee sauti ya ukumbini, kwa sababu mwangwi unameza mwisho wa maneno na kinanda kikianza chini chini hasikii kitu. Betri za vipokezi zipimwe kabla ya ibada; kipokezi kikizima katikati ya hubiri, mgeni haoni wa kumuuliza.

Tafsiri ya sentensi kwa sentensi jukwaani huongeza muda karibu mara mbili. Hubiri la nusu saa linakuwa saa nzima, kwa hiyo mhubiri apunguze maneno yake nusu. Wengi hawapunguzi, mkutano unachoka, na lawama inamwangukia mgeni. Kosa jingine ni kukata sentensi katikati: Kiswahili kinataka nijue nomino ya mbele ndipo nipange ngeli, siwezi kusema "wake mkubwa uliotujia" wala "yake kubwa iliyotujia" kabla sijajua ni upendo au ni neema.

Mfasiri apewe orodha ya aya na muhtasari wa hubiri kufikia Ijumaa. Aya asizifasiri papo hapo, azisome kutoka Biblia ya Kiswahili iliyoko mkononi. Na asiachwe peke yake: baada ya dakika ishirini hadi thelathini ubongo unachoka, anaanza kuruka maneno bila kujijua. Wawe wawili wapokezane.

Fundi_Mitambo
Siku hizi watu wanategemea simu kufasiri. Inasaidia, ila ikitumiwa ovyo inaleta kichekesho. Maiki ya simu iko mfukoni au juu ya benchi, mhubiri yuko mbali, ukuta unarudisha sauti. Programu inasikia supu. Kama kanisa linarusha ibada mtandaoni, chukua sauti ya huko huko, ingawa huchelewa kidogo. Kama halirushi, kaa karibu na spika, si karibu na madhabahu.

Chagua lugha mwenyewe, usiache programu ikisie. Kwaya ikianza itakisia lugha isiyokuwepo. Pakua lugha zote mbili nyumbani, majengo ya mawe ya zamani yanaua mtandao. Soma maandishi, usisikilize sauti ya roboti, vinginevyo unasikia mambo mawili kwa pamoja na hupati hata moja. Wakati wa nyimbo izime. Majina ya vitabu vya Biblia na namba za sura ndiyo yanayoharibika zaidi, basi aya zitazame ubaoni. Punguza mwanga wa kioo, na mwambie mtu wa mlangoni unachofanya. Mtu aliyenyanyua simu ibada nzima hudhaniwa anarekodi.

Sauti_ya_Benchi
Yote haya ya nini? Ibada ya kwetu iko mtandaoni, Kiswahili safi, kwaya yetu wenyewe.

Katekista
Kwa Mkatoliki mwenye afya hiyo haitoshi. Kanoni ya 1248 ya sheria za Kanisa Katoliki inasema wajibu wa Jumapili unatimizwa kwa kushiriki misa ya liturujia yoyote ya Kikatoliki, siku yenyewe au jioni ya kuamkia. Haikuweka sharti la lugha hata kidogo. Inataka uwepo. Aliyelazwa ameshasamehewa wajibu, na kwake hiyo simu ni faraja halali.

Mjuzi_wa_Kanoni
Niongezee panapouma, maana homilia ukiikosa unaikosa tu, lakini mambo mengine yana madhara.

Maungamo: kanoni ya 990 inaruhusu kuungama kwa mkalimani, na ya 983 inamfunga mkalimani huyo naye kutunza siri. Usimtumie mwanao wala mwenzi wako. Sheria haiwataji, busara inawataja. Ndoa: kanoni ya 1106 inaruhusu mkalimani, ila paroko asifungishe mpaka ahakikishe anaaminika. Vyeti vya ubatizo viombwe nyumbani mapema, vikiwa vipya, maana kwa ajili ya ndoa parokia nyingi hazipokei cheti cha ubatizo kilichotolewa zaidi ya miezi sita iliyopita, kisha vifasiriwe na mfasiri anayetambulika.

Ratiba mlangoni: Ujerumani neno *Gottesdienst* kwenye parokia ya Kikatoliki linaweza kuwa ibada ya Neno isiyo na Ekaristi. Tafuta *Eucharistiefeier* au *Heilige Messe*. Na huko huko, fomu ya kujiandikisha makazi inauliza dini. Ukijaza Mkatoliki au mwumini wa kanisa la Kiinjili, unaingizwa kwenye kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi yako ya mapato katika Bavaria na Baden-Württemberg, asilimia 9 majimbo mengine. Ni asilimia ya kodi, si ya mshahara. Simshauri mtu akane imani yake, nasema ajue anachotia sahihi. Wengi hujaza bila kuelewa, wakaja kugundua kwenye hati ya mshahara.

Mlezi_wa_Shule_ya_Jumapili
Mnasahau watoto. Mzazi anachagua kanisa la lugha yake, mtoto anasoma shule ya nchi ile. Akifika darasa la Kipaimara, mafundisho ni kwa lugha ya mahali, na kwenye kanisa la lugha yenu anaelewa nusu ya mahubiri. Mwisho anaachia kote kuwili. Na hayo makanisa ya lugha myachunguze kabla ya kuyasifu: mengi yana ibada mara moja kwa mwezi, katika jengo la kuazima, mchana baada ya wenyeji kumaliza. Padre au mchungaji mmoja anahudumia eneo kubwa. Akiumwa, hakuna ibada. Ulizeni tarehe, msiulize saa peke yake. Na kwa Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba saa hubadilishwa usiku wa kuamkia. Asiyesoma matangazo hufika wakati wa baraka au akakuta mlango umefungwa.

Pendekezo langu: kila Jumapili kanisa la mtaa pamoja na watoto, na ile moja ya mwezi kwa lugha yenu.

Mchungaji_Mstaafu
Kuhusu liturujia nimewaelewa, na hoja ya aliyeshika maiki ni halali. Lakini sikubali mtu akae miaka mitatu kwenye kanisa la mahubiri bila tafsiri, akijidanganya kwamba anazoea. Ajiwekee muda, na ndani ya muda huo asome darasa la lugha. Makanisa mengi hutoa masomo hayo bure.

Mleta_Hoja
La mwisho. Wakati wa komunyo, asiyejua utaratibu afanyeje? Nimesikia kukunja mikono kifuani kunaeleweka popote.

Katekista
Usithubutu kuliamini hilo. Katika nchi kadhaa Wakatoliki hukunja mikono kuomba baraka bila kupokea. Kwa Waorthodoksi wengi mikono iliyokunjwa kifuani ni ishara ya mtu anayekuja kupokea. Asiye Mworthodoksi akienda hivyo anamweka padre kwenye mtego. Atamuuliza jina kwa lugha asiyoijua, na foleni yote itasimama. Abaki mahali pake, mwishoni aende na wengine kuchukua kile kipande cha mkate uliobarikiwa, ambacho kwa kawaida mgeni hupewa. Walutheri wa Sinodi ya Missouri kule Marekani nao hufunga meza yao, aulize kabla ya ibada. Popote asipojua, mlangoni dakika kumi kabla, amtafute shemasi au mhudumu, aonyeshe kidole kwenye mkate na kujinyoshea mwenyewe, asubiri kichwa kitikiswe upande gani.

Mkalimani_wa_Ibada
Isipokuwa Bulgaria. Huko wengi hutikisa kichwa kwa "ndiyo" na kukiinua kwa "hapana". Afadhali awe amejifunza hayo maneno mawili.